Simu Ilipoandika "Calling", Nilidhani Baba Ananikataa

Admin, usiweke jina wala picha yangu, ndugu zangu wanaufuata ukurasa huu. Nina miaka 34, mama wa mtoto mmoja, nauza dagaa kwenye kisiwa kimoja huku Muleba. Nyumbani kwetu ni Kanazi.

Baba yangu, tulimwita Tata, alikasirika nilipohamia kisiwani na mvuvi ambaye hata kujitambulisha nyumbani hajaja. Tulijibizana vibaya, nikanuna wiki mbili nzima. Kiburi chetu Wahaya mnakijua, mnatutania kila siku humu. Mwisho nikashindwa, nikaanza kumpigia.

Huku simu ya kawaida haishiki, tunapiga kwa intaneti kwa waifai ya kulipia pale dukani. Kila nikimpigia Tata, simu inaandika "Calling", inabaki hivyo mpaka inakata yenyewe. Mimi nikajua inaita kwake, analiona jina langu na kuliacha. Nilipiga asubuhi, nikapiga jioni, miezi minne. Nililia mpaka mwenzangu akaninyang'anya simu. Mama hana simu, na kaka anayekaa nyumbani hatukuwa tunaongea tangu niondoke, kwa hiyo sikuwa na wa kumuuliza. Nikaacha kupiga.

Mwezi uliopita Tata akafariki. Nilipata habari kwa mfanyabiashara wa kwetu aliyekuja kununua dagaa. Nilifika ameshazikwa. Kaka akanisema mbele ya watu: "Mzee kila siku anauliza, binti yangu hajapiga? Nikamwambia huyo ameshakutupa. Leo ndiyo umeijua njia? Siku ya kumaliza matanga usikanyage hapa!"

Naondoka, mama akanipa simu ya Tata. "Chukua, mwanangu, uliinunua wewe." Nikaipeleka kwa dada mmoja fundi simu Bukoba mjini anitolee picha zake. Alipoweka bando na kuwasha data, arifa za simu zangu zote nilizompigia zikaanza kuingia, moja baada ya nyingine, jina langu limejaa kioo kizima. Yule dada akaniangalia kwa huruma. "Ikiandika 'Calling', kwake bado haijafika. Ikiandika 'Ringing' ndiyo inaita. Huyu mzee alikuwa amezima data."

Jamani, niliyemfundisha kuizima ni mimi. Nilipomletea ile simu nilimwambia, "Tata, ukimaliza kuongea uzime data, bando lisiliwe." Akatii, na mimi sikumwambia kwamba ikizimwa simu za intaneti haziingii. Alikuwa ananisubiri na data ameizima, kama nilivyomwelekeza. Naumia, siwezi hata kula.

Matanga yanamalizwa wiki ijayo. Nikimwonyesha kaka ile simu nitasafishika, lakini atajua kwamba alikaa nyumba moja na simu zangu miezi yote ile huku akimwambia mzee nimemtupa. Kuwasha data ni kugusa mara moja tu. Na yeye ndiye anayemtunza mama sasa. Nikinyamaza, mama atazeeka akiamini nilimkataa mume wake.

Mliopitia mambo ya familia, nishaurini bila matusi: niende nayo ile simu, au niende mikono mitupu nifukuzwe?