Kuhani Aliyedai Mdomo Wake

Wengine wakisikia kisa hiki huniuliza nilikuwa nimekunywa nini. Sikuwa nimekunywa kitu. Ilikuwa Jumapili mchana, jua linawaka, nimetoka kanisani na kitambaa changu kichwani, katika nyumba yetu ya kanjo, ya baraza la jiji, pale mtaa wa Jericho. Kama huamini, njoo umtazame mume wangu mdomo, halafu useme tena.

Mume wangu, Baba Nekesa, alikuwa seremala, tena hodari. Mzungu mmoja aliyemtengenezea makabati, alipokuwa akifunga mizigo arudi kwao, alimpa boksi la picha iliyokatwa vipande vidogo vidogo, ya kuunganisha kama mchezo. Kwenye kifuniko waliandika kwamba ni picha ya zamani ya kuhani wa Wamaori, watu wa New Zealand. Mzee mwenye manyoya kwenye nywele, uso wote umechorwa mistari ya kuzunguka, macho ya mtu asiyetaniwa. Mvua za masika tulizimaliza tukiunganisha vipande hivyo, mimi, yeye na binti yetu Nekesa, na nakwambia, hatujawahi kucheka pamoja namna ile.

Kikakosekana kipande kimoja tu, cha mdomo wa chini. Tulipekua hadi chini ya kitanda. Wewe ungeacha pengo, sivyo? Lakini mume wangu ni fundi, na pengo lilimkera. Akachonga kipande cha mbao, akakipaka rangi. Kisha uso mzima akaubandika juu ya ubao, akakipigilia kile kipande mahali pake kwa misumari midogo, akaupaka vanishi, akautia miguu. Ukawa meza. Chumba chetu kilikuwa kidogo na hakuna kitu kilichokaa bure.

Jirani yetu Mama Njeri alipoona sufuria ya ugali imekalia paji la uso wa yule mzee, alishika kiuno.

"Mama Nekesa, hiyo ni kichwa ya mtu, si sahani. Hata kwetu mzee hawekewi vitu kwa kichwa."

Mume wangu akacheka. "Anakaa hapa na halipi kodi. Wacha basi atubebee ugali."

Jumapili ile niliyokutajia tulikuwa tunakula, Nekesa bado yuko shule ya Jumapili, namshukuru Mungu. Tukasikia hodi. Mlangoni amesimama mwanamume mkubwa, koti refu, skafu imefunika nusu ya uso. Unajua desturi yetu: mgeni akikukuta unakula, humwulizi ametoka wapi, unamkaribisha kwanza. Nikasema karibu, nikachukua birika nimnawishe. Hakunyoosha mikono. Alikuwa akiitazama ile sufuria. Kisha akafungua skafu.

Mistari ilikuwa ile ile. Na mdomo wa chini ulikuwa wa mbao. Naam, wa mbao, na misumari naiona pembeni, damu kavu imeizunguka. Alijaribu kusema, mbao ikagonga meno, ko, ko, ko. Machozi yakamtoka. Niliogopa mno, lakini pia nilimhurumia.

Mume wangu hakuyaona machozi. "Toka kwa nyumba yangu, mchawi wewe!" Akashika nyundo, akampiga nayo begani. Yule mtu hata hakuyumba. Akamkaba Baba Nekesa shingo, akamnyanyua, akambamiza ukutani hadi saa ikaanguka, akambamiza tena. Nilimrukia mgongoni, nikamng'ata sikio. Akanitupa juu ya jiko, na alama ya makaa ninayo mkononi mpaka leo. Kisha akaingiza vidole kinywani mwa mume wangu, akaushika mdomo wa chini, wenye baka jeusi alilozaliwa nalo, akavuta. Sauti ile siwezi kukueleza.

Akarudisha mkono shingoni, akaanza kukaza. Baba Nekesa alikuwa anakufa mbele ya macho yangu. Ndipo akili ikanijia. Nikaitupa sufuria chini, nikaufuta ule uso wa mezani kwa kitambaa changu cha kichwa, nikachukua patasi, nikaking'oa kile kipande cha mbao.

"Nimekitoa, mzee wangu! Tusamehe! Niachie mume wangu!"

Chini ya kile kipande, ubao ulikuwa umelowa damu ya moto.

Nikasikia Baba Nekesa akianguka sakafuni. Nilipogeuka hapakuwa na mtu mwingine, mlango uko wazi. Mama Njeri, aliyekuja mbio aliposikia mayowe, anaapa hakupishana na yeyote.

Hospitalini walishona walichoweza. Nyama iliyong'oka haikuonekana, ingawa nilifagia chumba chote. Mume wangu aliishi, lakini maneno yake nayaelewa mimi peke yangu, na huyo ndiye mtu aliyekuwa akiimba besi kwenye kwaya! Kwa hasira nikaamua kuichoma ile meza. Nilipoishika niipindue niivunje miguu, nikaona pengo halipo. Kipande kimekaa sawasawa, hata ukucha haupiti. Mdomo laini, usio na mstari hata mmoja, wenye baka jeusi.

Sikuichoma. Ningeuchomaje mdomo wa mume wangu? Niling'oa miguu, na sasa uso umetundikwa juu ukutani, juu kuliko vichwa vyetu, na hatuli chakula chini yake.

Kwa hiyo na wewe, ukipata picha ya mzee wa watu, awe wa kwenu au wa ng'ambo, mpe heshima yake. Na ikikosa kipande, acha pengo. Mwenyewe akija kuliziba, hatakuuliza atumie nyama ya nani.