Mugeni wa Chumba cha Nyuma

Kwa kufunga mdomo, Maman Marcelline wa Bagira alikuwa hodari, asikudanganye mtu. Charlène, yule dada wa ofisi ya kutetea wanawake, alipomletea Rosette amfiche, alimpa masharti mafupi: jina lisitajwe, kwao Luhwindja kusitajwe, na siku ya tribunali isitajwe. Rosette alikuwa muosha mchanga wa dhahabu. Alimwona kwa macho yake mtu aliyemuua kaka yake pale shimoni, naye angesema hivyo Jumatatu mbele ya majaji. Muuaji alikuwa bado anatembea, na watu wake walikuwa wanamtafuta Rosette.

Basi mama wa watu akashika masharti. Nguo za Rosette zilikaukia ndani, juu ya viti vya sebuleni. Jirani, Maman Bijou, alipouliza mbona siku hizi anasonga bugali kubwa vile, akajibiwa, "Njaa tu, mama. Uzee iko na njaa yake." Hata kikohozi Rosette alikikoholea kwenye mto.

Sasa eti Alhamisi asubuhi Bijou huyo anabisha hodi na avoka tatu zilizoiva kwenye sahani.

"Za mugeni yako," akasema kwa upole. "Umuambie ajipe moyo. Jumatatu si mbali."

Jamani! Maman Marcelline alipokea sahani, akashukuru, akafunga mlango. Nani amesema? Kumuuliza Bijou ilikuwa sawa na kukubali, kwa hiyo akamgeukia mume wake.

"Miye?" Papa Constantin akaruka. "Miye nitasema nini? Ata jina yake siijue! Unaniambiaka tu 'mugeni', 'mugeni'!"

Kweli, hakuwa amemwambia. Akashuku simu, akaizima na kuitia ndani ya sufuria ya kupikia sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, akaifunika. Akamshuku Charlène. Akamtazama hata Rosette mwenyewe kwa jicho baya, kisha akaona aibu. Kichwa chake kilikuwa kimevurugika kabisa. Kila mlango alikuwa ameufunga, na habari ilikuwa nje.

Jioni akaenda kwenye sala ya shirika, ile jumuiya ndogo ya kanisa pale mtaani, nyumbani kwa kiongozi wao Papa Ignace, kama kila Alhamisi. Walipofika kwenye nia za maombi, Papa Ignace akainua mikono.

"Tuendelee na nia ya Maman Marcelline. Tumuombee dada yetu Rosette wa Luhwindja, mwenye kufichama kwake, asimame bila woga Jumatatu kwenye tribunali."

"Ee Bwana, utusikie," wakajibu wote, Maman Bijou akiwemo. Na Marcelline naye alijibu, kwa mazoea, kabla akili haijafika.

Ilipofika, alitaka ardhi immeze. Ni yeye! Wiki iliyopita, wimbo umembeba, macho amefumba, alimweleza Mungu yote kwa sauti. Jina alilitaja, na kwao, na siku, ili Mungu asije akamchanganya na Rosette mwingine. Lakini si alikuwa anaongea na Mungu? Mtu hakumwambia hata mmoja! Alirudi nyumbani akibishana na moyo wake njia nzima, na hakuna aliyeshinda.

Simu ikatolewa kwenye sufuria, Charlène akaambiwa ukweli. Asubuhi akaja na gari lisilojulikana mtaani.

"Munamupeleka wapi?" Marcelline akauliza.

"Maman, hiyo hautaijua."

Rosette alikuwa anafunga kitenge chake. Hakufoka. Angefoka ingekuwa afadhali.

"Ulinisalia, maman?"

"Nilikusalia, binti yangu. Kwa mapendo."

"Aksanti," akasema Rosette. "Sasa nitaogopa mpaka wenye kusali."

Jumatatu ikapita bila habari. Maman Marcelline alingoja simu mpaka akachoka kuitazama. Alhamisi, mbele ya shirika zima, Papa Ignace akamgeukia.

"Maman, mugeni yako alisimama? Iko wapi sasa, tumuombee?"

"Siijue, Papa."

Ilikuwa kweli tupu, na ilimchoma kuliko uongo wote aliomwambia Bijou. Wenzake wakaanza wimbo. Yeye alifumba macho, akabana midomo, akaanza kuomba moyoni. Jina likamjia, akalisukuma nyuma kwa hofu, hata humo ndani.

"Baba," akasema kimya. "Yule. Unamujua."