Siku Niliyowahesabu Korongo

Nilipokuwa na miaka tisa niliwahesabu korongo wa bonde letu, nikaitaja idadi yao kwa sauti, wakati wa chakula, mbele ya watu wote wa nyumbani. Najua utauliza kosa liko wapi hapo. Lakini kijijini kwetu, huko Mufindi, mkoa wa Iringa, lilikuwa kosa, na mimi nilijua hivyo kabla sijafungua mdomo.

Niwaeleze kwanza hao korongo. Ni wale ndege warefu wa kijivu, wenye mashavu meupe na taji la manyoya ya dhahabu kichwani. Waliishi bondeni chini ya nyumba yetu, kwenye nyasi ndefu zilizokuwa na maji mwaka mzima. Pembezoni mwa bonde akina mama walilima vinyungu, yaani vile vibustani vya kiangazi, maharage na mahindi mabichi na mboga. Katikati hakuna aliyeingiza jembe. Asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala, tuliwasikia wakiitana kabla hatujawaona, na mama alituharakisha kwa sauti hiyo: korongo wameshalia, na wewe hata uso hujanawa.

Mlinzi wa mwiko alikuwa shangazi, dada mkubwa wa baba, ambaye alirudi kuishi kwetu baada ya mumewe kufariki. Alikuwa mwanakwaya, mtu wa Biblia, na usingemdhania mambo hayo. Alikuwa pia mkali, na maswali hakuyapenda kabisa. Mwiko wenyewe ulikuwa mfupi: korongo hawahesabiwi. Ukiwahesabu na kuwataja, mvua ya mawe italaza mahindi ya kijiji kizima, kisha wao wataondoka mmoja mmoja mpaka bonde likauke. Na palipo na ndege wasiohesabiwa, hapapimwi wala hapagawanywi. Hilo la mwisho sisi watoto hatukulijali, kumbe ndilo lililokuwa na maana kuliko yote.

Baba hakulipenda jambo hilo hata kidogo. Alikuwa amefanya kazi ya kukata miti kule Mgololo kwa miaka kadhaa, akarudi na hamu ya kuwa na miti yake mwenyewe. Vilima vyote vilikuwa vimeshapata wenyewe, basi macho yake yakabaki bondeni. Kila alipoligusia, wazee walikohoa, wakatazama pembeni, na mazungumzo yakahamia kwenye mbolea. Alirudi nyumbani amenuna.

Sasa mwalimu wetu wa darasa la tatu, kijana mgeni aliyekuwa bado anatetemeka kwa baridi yetu, akatupa kazi ya nyumbani. Kila mtoto ahesabu kitu kinachotembea huko kwao, kesho alete idadi. Wenzangu walikwenda kuhesabu kuku na mbuzi. Sisi tulikuwa na kuku wanne, na mmoja alikuwa anaumwa. Niliona aibu kusimama darasani na kusema nne. Nikapanda juu ya kichuguu kilichotazamana na bonde, nikawahesabu korongo kwa vidole, halafu nikarudia kwa vijiti ili nisikosee. Walikuwa thelathini na mmoja. Kwa kweli nilishuka pale nikijiona tajiri.

Jioni hiyo sikuweza kujizuia. "Baba," nikasema, "korongo wetu wako thelathini na mmoja."

Shangazi aliyekuwa anapakua ugali akaacha. "Nani kakutuma?"

"Mwalimu."

"Mwalimu ana bonde?"

Nikatazama sahani yangu. Baba aliniangalia kwa muda, kama mtu aliyekumbuka mahali alipoweka ufunguo.

Asubuhi yake, kabla ya shule, shangazi alinishika mkono tukateremka bondeni. Akanitia ulezi kiganjani, akaniambia niurushe majini na kusema, "Sikuwaona." Korongo walikuwa hatua chache mbele yetu, wakinyanyua miguu yao mirefu taratibu, wananitazama kabisa. Nikasema sikuwaona. "Tena," akasema. Nikasema mara tatu, machozi yananitoka kwa sababu nilikuwa nadanganya na kanisani tuliambiwa tusidanganye. Tulipopanda kurudi hakuuachia mkono wangu, na shangazi hakuwa mtu wa kushika watu mikono.

Msimu ule wote niliishi kwa hofu. Wingu jeusi likipanda tu, mimi mvunguni mwa kitanda. Nilimwomba Mungu, kama ni lazima mawe yaje, yashuke kwenye shamba letu peke yake, wenzetu wasife njaa kwa ajili yangu. Mama alidhani nina minyoo, akaninywesha dawa. Mawe hayakuja. Ilinyesha mvua nzuri, ya kupendeza, na mahindi yalizaa mwaka ule mpaka maghala yakakosa nafasi.

Baada ya mavuno, mchana mmoja, mama alinituma kumwita baba kilabuni, walikokuwa wanakunywa ulanzi, ile pombe ya mianzi. Baba alinisimamisha katikati ya wale wanaume. "Mwanangu huyu aliwahesabu wale ndege," akasema. "Akataja kwa sauti. Haya, waambie, walikuwa wangapi?" Nikasema. "Sema tena, wazee hawasikii vizuri." Nikasema tena, kwa nguvu zaidi, kwa sababu baba alikuwa anatabasamu na mkono wake ulikuwa begani kwangu. "Sasa nani ameona mawe?" akauliza. Hakuna aliyekohoa. Mzee mmoja alicheka, wengine wakafuata, nami nikacheka nao.

Kiangazi hichohicho kaya saba zilichimba mifereji. Maji yalikimbia siku nyingi, mekundu kwa udongo. Wakagawana bonde kwa kamba, wakalima vinyungu mpaka katikati, na mwaka uliofuata wakapanda milingoti, miti ile inayokwenda juu haraka na kunywa maji kupita kiasi. Shangazi alimfuata baba shambani, nikiwa nyuma yake na chupa ya chai.

"Mdogo wangu, acheni hata kipande," alimwambia.

"Dada, mawe yalikuja?"

"Hayakuja."

"Basi."

Shangazi alichukua chupa mkononi mwangu, akaiweka chini, akapanda kurudi nyumbani. 

Korongo hawakuondoka kwa pamoja, na hilo ndilo lililoniumiza. Mbwa walikula mayai ya jozi moja iliyotaga mahali pa wazi, maana nyasi hazikuwepo tena. Msimu uliofuata walirudi wachache, na uliofuata wachache zaidi. Mwaka niliomaliza darasa la saba alibaki mmoja, akitembea katikati ya milingoti, akisimama, akiita. Alifanya hivyo wiki mbili. Kisha siku moja mama alituamsha kwa kutugongea mlango, na hapo ndipo nilipotambua kwamba hatujamsikia korongo.

Leo mimi ni mwalimu, naishi Iyunga, Mbeya, na watu wananiona mtu mzima mwenye akili. Nimejaribu, nisije nikaonekana mtu wa kulalamika tu. Nilikwenda kwenye mkutano wa kijiji na nakala ya sheria inayokataza miti ya namna ile kwenye vyanzo vya maji. Walinisikiliza vizuri sana. Walinyoosha mikono wote, mwenyekiti akaandika kwenye kitabu cha kumbukumbu, tukapigiana makofi, tukanywa chai. Hakuna aliyeng'oa hata mche mmoja.

Mdogo wangu, aliyerithi kipande cha baba, si mtu mbaya. "Dada," aliniambia, "hata nikiing'oa yangu, ya jirani itakunywa maji hayohayo. Mimi nitabaki sina miti na sina maji." Nilitafuta jibu, na mpaka leo ninatafuta. Likizo moja tulikata mingi ya kwake hata hivyo, mimi na yeye, mikono ikatoka malengelenge. Niliporudi mwaka uliofuata kila kisiki kilikuwa kimetoa vichipukizi vitatu vinne. Na hata kama yote ingeng'oka, hao ndege wangetoka wapi? Korongo aliyeijua njia ya kuja kwetu ameshakufa, na hakuacha kifaranga aliyemwelekeza.

Mara ya mwisho nilimkuta shangazi akiota jua mbele ya nyumba, amefunikwa khanga mbili, macho hayaoni vizuri. Nilimpa sukari niliyomletea. Halafu nikamuuliza jambo nililokuwa nimelibeba miaka yote.

"Shangazi, ile habari ya mawe, wewe uliiamini?"

Akacheka, hana meno. "Mimi niliwahesabu kila asubuhi."

"Kila asubuhi?"

"Kimoyomoyo. Ningejuaje kama mbwa wamekula vifaranga?"

"Sasa mbona ulitukataza?"

"Ningewaambia nini akina baba yako? Kwamba ndege ni wazuri?" Akavuta khanga. "Sisi tuliambiwa mawe. Na mama yangu naye aliambiwa mawe. Yalitosha."

"Na ule ulezi?"

"Ulezi ulikuwa wa kukufunga mdomo wewe. Sikufikiri kwamba baba yako ataufungua." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, si kwa kunilaumu, "Ulikuwa mtoto, Eliza. Usijisumbue."

Nimejisumbua. Nilipokuwa natafuta usingizi wa mchana pale kwa mdogo wangu, nilijaribu kutunga kitisho kipya kwa ajili ya watoto wa nyumba ile, kitu cha kuwazuia wasiimalize ile chemchemi ndogo iliyobaki juu ya bonde. Nilitunga cha nyoka, nikatunga cha radi. Vyote vilinichekesha mwenyewe. Wale watoto wananijua, mimi ndiye shangazi anayeeleza radi inatokana na nini.

Tulimzika shangazi mwezi wa sita, baridi kali. Ile chemchemi nayo ilikuwa imeshakauka, kwa hiyo maji ya kupikia msiba tuliyafuata kwa trekta kijiji cha pili, yakaja kwenye mapipa yanayonuka dizeli kidogo. Mimi na mke wa mdogo wangu ndio tuliomwogesha. Niliuliza kama yanaweza kupatikana maji ya bondeni, hata ndoo moja, kwa ajili yake tu. Kijana mmoja alikwenda na jembe, akachimba penye unyevu, akarudi na matope nusu ndoo. Tukamwogesha kwa maji ya trekta.

Baba alisema ukweli kilabuni, nami nilisema ukweli, na hatukumdanganya mtu yeyote. Uongo ulikuwa wa shangazi, na wa mama yake, na uongo huo ulilishikilia bonde kwa muda ambao hakuna anayeujua. Ukweli wetu haukulishikilia hata miaka mitano. Ningependa kusema nimejifunza kitu cha kuwasaidia wengine, lakini sijui ni kitu gani. Nilimpaka mafuta mikono, nikamfunika, nikatoka nje kumwaga yale maji.