Vuokko na Ndege wa Kona ya Petäjämäki

Saa tatu na nusu asubuhi, ndiyo kwanza kunapambazuka Petäjämäki. Baridi ni nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri. Vuokko Tolonen anapunguza mwendo wa lori lake la kusukuma theluji, anainua bamba la chuma lililo mbele, anakata kushoto kwenye njia ya zamani ya wakata miti na kuzima taa kubwa.

"Sasa tulia," anamwambia mgeni aliyeketi kando yake, aliyekuja kuandika habari zake. "Ukikohoa, umeniharibia hesabu."

Hatua thelathini mbele yao, juu ya lundo la mchanga, ndege kama arobaini wanaokota changarawe. Madume ni wekundu kama tofali, majike wana ukijani uliofifia. Midomo yao imepishana nchani kama mkasi ulioharibika, na watoto wa shule hapa Kainuu, kaskazini mwa Ufini, huwaita midomo-mkasi. Hawajali baridi. Mmoja amelala kifudifudi mchangani kama mtu aliyerudi nyumbani.

Vuokko anahesabu bila kutoa sauti, kisha anaandika nyuma ya daftari la barabara: midomo-mkasi 41, kigogota 1.

Ana miaka hamsini na sita. Kwa majira kumi na tisa ya baridi amekuwa akisafisha kilomita sitini na nne za barabara hii, mara mbili kwa siku, na theluji ikizidi, mara tatu. Kabla ya hapo aliendesha malori ya magogo. Habari za ndege hakuwa nazo.

"Nilijua aina mbili tu," anasema. "Kunguru na wasio kunguru."

Mambo yalibadilika miaka minne iliyopita, asubuhi moja ya Januari. Alipofika kona ya mteremko wa Petäjämäki aliona vitu vyekundu vimetapakaa barabarani. Alidhani gari fulani limemwaga matunda. Alishuka na tochi. Walikuwa ndege kumi na mmoja, wamegongwa, na baadhi yao walikuwa wamelala ndani ya alama za magurudumu yake mwenyewe ya alfajiri.

"Nilisimama pale mpaka vidole vikafa ganzi," anasema. "Mtu unajiona unafanya kazi ya kuokoa watu. Kumbe huku nyuma unaua."

Alimtia mmoja ndani ya kopo lake la chakula, akampeleka kwa Lempi Juntunen, mwalimu mstaafu ambaye kila Ijumaa hubandika dukani karatasi yenye orodha ya ndege wote walioonekana kijijini wiki hiyo. Lempi alikuwa anakunywa kahawa. Alifungua kopo, akalifunga tena.

"Vuokko, mimi huwa naletewa keki."

"Leo hakuna keki, Mwalimu. Niambie hawa wanatafuta nini barabarani."

Lempi alimweleza. Ndege anayeishi kwa mbegu ngumu hana meno, kwa hiyo humeza vijiwe vya kumsagia chakula tumboni. Nchi nzima ikiwa imefunikwa na theluji, vijiwe viko barabarani tu.

"Sawa," alisema Vuokko. "Lakini mimi namwaga changarawe kilomita sitini na nne, ili magari yasiteleze. Kwa nini wafie kwenye kona moja?"

Bibi yule aliweka kikombe cha kahawa mezani. "Hilo sijui," alisema. "Mimi nakaa dirishani. Wewe ndiye unayepita kila siku. Chunguza, kisha uje unifundishe mimi."

Hakuwa amepewa kazi ya nyumbani tangu aache shule, Vuokko anasema, na hii ilimnyima usingizi. Alianza kuandika kila kitu: saa, baridi, upepo, idadi ya wazima na idadi ya wafu. Alidhani ni kwa sababu ya misonobari wanayokula mbegu zake, lakini kilomita kumi mbele misonobari ilikuwa mingi zaidi na ndege hakuna. Alidhani ni jua, lakini walikuja hata siku za mawingu. Oiva, dereva mwenzake wa zamu, alikuwa na jibu lake.

"Wanakuja kukuangalia wewe, dada. Huku msituni hakuna sinema."

"Basi wangekufuata wewe. Wewe ndiye kichekesho."

Hadi mwezi wa Machi alikuwa amehesabu ndege 143 waliokufa kwenye kona hiyo.

Msimu uliofuata ulimletea jibu na balaa kwa pamoja. Jibu lilikuja kwa sababu ya upungufu. Kona ile, kwa ukali wa mteremko wake, ilikuwa ikimwagiwa mchanga wa lundo la pembeni mwa barabara, uliochanganywa na chumvi ili usigande. Barabara iliyobaki ilipata kokoto za kusagwa, zisizo na chumvi. Wiki moja mchanga uliisha, Vuokko akamwaga kokoto peke yake. Siku ya tatu kona ilikuwa tupu. Mchanga ulipoletwa, ndege walirudi kabla ya chakula cha mchana.

"Walikuwa wanafuata chumvi," anasema, na hata leo sauti yake ina mshangao. "Kama ng'ombe."

Balaa ni kwamba, ili kuhakikisha, alikuwa akisimamisha lori palepale konani na kuangalia. Mwenye gari mmoja alilalamika kwamba alisubirishwa dakika kumi na nne nyuma ya lori la theluji ambalo halisukumi theluji. Kampuni ya mkandarasi iliyomwajiri ikampa onyo la maandishi. Onyo la pili lingekuwa kufukuzwa.

Msimamizi wake, Heimo Karppinen, ndiye aliyemkabidhi barua ile. Vuokko aliisoma, akaikunja.

"Kesho panda na mimi," alimwambia. "Zamu moja tu. Ukirudi bado una hasira, nifukuze."

Heimo alipanda. Walipofika Petäjämäki, Vuokko alisimama pembeni kabisa, nje ya njia. Ndege walikuwa barabarani kama sitini. Gari dogo likaja kwa kasi kutoka juu. Kundi liliruka, wanne hawakuwahi.

Heimo alishuka, akaokota mmoja aliyekuwa bado anatweta. Alifia kiganjani mwake. Heimo alirudi lorini, akafunga mlango taratibu.

"Unataka nini?" aliuliza.

"Lundo la mchanga wa chumvi lihamie kule ndani, uwanja wa zamani wa magogo. Mita mia tatu. Konani tumwage kokoto tu."

"Na basi la shule likiteleza?"

"Tujaribu wiki mbili. Nitatangulia mbele ya basi kila asubuhi, mimi mwenyewe. Likiteleza, andika hiyo barua ya pili."

Halikuteleza. Ndege walichukua siku tisa kuligundua lundo jipya, siku ambazo Vuokko anasema zilikuwa ndefu kuliko zote alizowahi kuishi barabarani. Siku ya kumi alikuta kumi na saba. Msimu uliopita, kona nzima iliua ndege kumi na wawili.

Lempi, ambaye sasa ana miaka themanini na moja na macho yake yamechoka, ameacha kuandika orodha ya dukani. Anaitaja tu, na Vuokko anaandika. Ijumaa hii wanabishana kuhusu kitu ambacho Vuokko bado anakiona kama utani.

"Wanataga Februari?" anauliza. "Kwenye theluji?"

"Februari. Jike hatoki kiotani, dume anamlisha. Miaka yote hii nimesoma tu vitabuni," anasema Lempi. "Sijawahi kukiona kiota chenyewe."

Vuokko ameomba likizo wiki ya pili ya Februari. Wenzake wote huomba wiki hiyo ili wapande ndege kwenda kuota jua kusini. Yeye ameazima darubini, amenunua soksi nene, na amechora ramani ya misonobari inayouzunguka uwanja wa magogo.

"Wiki nzima utakaa msituni unafanya nini?" Oiva anamuuliza.

"Naangalia juu."

"Na usipokiona hicho kiota?"

Vuokko anafunga vifungo vya koti lake, anatafuta funguo za lori mfukoni. "Basi nitaomba na wiki ya tatu," anasema.