Pasipoti Mfuko wa Nyuma

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nilipokuwa kijana wa miaka ishirini na sita, fundi seremala huko Afrika Kusini. Ndiyo kwanza nilikuwa nimetoka huku kwetu Manyoni. Pasipoti yangu nilitembea nayo mfuko wa nyuma wa suruali. Haikuwa lazima, niliipenda tu. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kuwa nayo, na kila nilipoketi niliisikia pale, nikajiona mtu.

Niliishi nyumba moja na Mzee Mkumbo, Mnyiramba wa Sekenke aliyetangulia huko miaka mingi. Asubuhi ile alinikuta mlangoni.

"Shikamoo mzee. Naenda sokoni."

"Marahaba. Sokoni na pasipoti? Iache ndani, beba nakala. Mgeni ni kuku mweupe, kijana. Mwewe hakosi kumwona."

Nikaitika kwa adabu zote, kisha nikatoka nayo. Moyoni nilisema uzee unamtia woga.

Kwenye mlango wa treni watu walisukumana. Jamaa mmoja akanikanyaga, akaniomba radhi sana, akanishika bega. Nikamwambia hakuna neno, hata nikatabasamu. Nilipoketi sokoni nipate chakula, niliona nimekaa vizuri kuliko siku zote. Nikapeleka mkono nyuma. Mfuko mtupu.

Ningekwenda polisi saa ile ile, huenda leo nisingekuwa na la kukusimulia. Sikwenda. Niliona aibu, maana ningemwambia nini Mzee Mkumbo? Nikanyamaza miezi miwili, nikienda kazini kwa kujibanza kama mwizi, na aliyeibiwa ni mimi. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Kisha dada yangu Neema akapiga simu. Mama amelazwa.

"Njoo, kaka. Mlango ukilia tu, anauliza kama ni wewe."

Hapo ndipo nilipomwambia mzee. Nilingoja anikaripie. Badala yake alivaa viatu akanipeleka polisi. Askari akauliza kwa nini nimekaa miezi miwili, nikamwambia ni aibu. Ubalozini walitaka uthibitisho kuwa mimi ni Mtanzania. Nakala sina, namba ya pasipoti sikumbuki, cheti cha kuzaliwa kipo nyumbani. Neema aliyekuwa akimuuguza mama ikabidi amwache, apekue masanduku, akitume. Nilipopata hati ya dharura na kufika, mama alikuwa na siku tisa kaburini, kule Kilimatinde kwa wazazi wake.

Neema alinipokea stendi. Hakulia. Alisema tu, "Alikungoja mpaka Alhamisi."

Mwanangu, nimezeeka na neno hilo. Aliyeniibia simlaumu sana, sura yake hata siikumbuki. Najilaumu mimi niliyeambiwa nikaitika kwa mdomo, nikaibiwa nikafunga mdomo.

Basi wewe unayejiandaa kwenda nchi za watu, nisikie. Pasipoti ifungie unapolala, utembee na nakala, isipokuwa siku inayotakiwa yenyewe. Siku hiyo ikae ndani ya nguo, mbele, si mfuko wa nyuma wala begi la mgongoni. Nakala nyingine, pamoja na ya cheti cha kuzaliwa, waachie wa nyumbani. Penye msongamano, anayekugonga na kukuomba radhi kupita kiasi, mwitikie huku mkono wako uko kwenye mali yako. Na ikiibiwa, maana hata mwerevu huibiwa, usilale nalo. Nenda polisi siku hiyo hiyo uandikishe, kisha ubalozini, na umwambie mkubwa uliye naye. Aibu ya siku moja inabebeka. Hii yangu mimi nazeeka nayo.

Nenda, mwanangu. Mungu akufiche na macho ya wabaya, akupe sikio la kusikia unapoonywa, na siku utakayoitwa nyumbani, njia iwe wazi, uwakute wanaokungoja bado wanangoja.