Nenosiri la Shemeji

Kwa miaka mingi alichonga funguo kwenye kibanda cha mabati mkabala na kituo cha mabasi, na watu walimwita Bawaba. Si kwa sababu ya kazi yake. Hakuweza kuinuka, kuinama wala kukubali jambo lolote bila kwanza kutoa mlio. Mkewe alidai kwamba hata akijigeuza usingizini, jirani huamka kuangalia mlango.

Vumbi la shaba lilimkaa kwenye mistari ya viganja kama umri. Nyumba za watu alizijua kwa meno ya funguo zao, na wenye nyumba aliwajua kwa uongo wao, kama yule bwana aliyechongesha ufunguo wa tatu akisema ni wa mama yake, ilhali Bawaba alikuwepo mama huyo alipozikwa. Kisha wateja wakapungua. Milango ya mjini ikaanza kufunguka kwa kadi, kwa namba, kwa kidole. Bawaba akasomea kufuli za kielektroniki, akarudi na cheti na majigambo, akakosa mlango wa kuanzia.

Mlango ukapatikana kwa shemeji yake, dada mkubwa wa mkewe, mjane mwenye nyumba tatu za wageni na subira ya kiberiti.

"Mpe ile ndogo kwanza," mkewe alimbembeleza dada yake. "Akiweza, mpe na hizo mbili."

Akiweza, Bawaba angekifunga kibanda. Akishindwa, angerudi kuchonga funguo za makabati, na familia ikikutana angebaki kuwa yule aliyetoboa bomba. Maana bomba alilitoboa kweli. Mwaka uliopita, akifunga pazia kwa huyo huyo shemeji, alipenya ukuta na maji yakakiosha chumba kizima pamoja na mgeni aliyekuwa amelala.

Safari hii mambo yalikwenda vizuri. Kila kufuli ilikuwa na betri yake na iliongea kwa mawimbi na kisanduku cheupe kilichotundikwa koridoni. Kisanduku nacho kilitakiwa kuingia kwenye intaneti ya ofisi, ili mgeni akigusisha kadi kiulize huko mbali kama chumba ni chake, taa iwake kijani. Kilichobaki ni nenosiri.

"Shemeji, naomba nenosiri la mtandao."

"La nini?"

"La kisanduku."

"Nitaliandika mwenyewe baadaye."

Mpokezi, mama mmoja mcheshi, alishikwa na kikohozi cha ghafla akazama chini ya kaunta.

"Ni herufi tu, shemeji. Sitazila."

"Kwani kufunga milango ni mpaka ujue siri zangu? Fanya kazi."

Bawaba akatoa mlio wake. Akawasha intaneti ya simu yake, akabonyeza kitufe cha kisanduku mpaka taa ikapepesa buluu, akakiunganisha humo. Ya muda tu, alijiambia. Milango ikaitika mmoja baada ya mwingine. Shemeji akapita na kadi akitafuta kasoro, akaikosa.

"Si haba," alisema. Hata marehemu mumewe hakuwahi kupewa sifa kubwa hivyo.

Furaha ikamsahaulisha Bawaba. Akaondoka, simu mfukoni.

Kibandani alipanda kigoda ili alishushe bango lake, ufunguo wa mbao wenye urefu wa mtoto.

"Unahama?" akauliza fundi viatu wa jirani.

"Napanda daraja."

"Basi shuka kwanza hicho kigoda, kimeoza."

Simu ikalia.

"Shemeji, rudi!" Hakuna salamu. "Mhubiri yuko koridoni na taulo!"

"Mhubiri gani?"

"Wa semina! Katoka kuoga, mlango umemkataa. Povu linamkaukia masikioni!"

Nyuma yake ilisikika sauti nzito ya kiume ikiiamuru kufuli, "Achia! Achia!"

Bawaba akaitazama simu. Intaneti yake bado ilikuwa imewashwa, bila kifaa hata kimoja kilichojiunga. Alikuwa ameondoka na milango yote mfukoni.

Alipoingia tu getini, taa za kufuli zikawa kijani na kadi ya mhubiri ikakubali.

"Amina!" mhubiri alinguruma, akaingia chumbani kwake kama mshindi.

Bawaba alishawishika kuziachia mbingu sifa hiyo. Akageuka, akatembea taratibu kuelekea nje. Hakuwa hata amevuka barabara aliposikia mpokezi anapiga kelele kwamba stoo imemkataa. Alipogeuka, shemeji alikuwa amesimama getini, mikono kiunoni.

"Ukija, inafunguka. Ukitoka, inajifunga. Umeniwekea nini humu ndani?"

"Simu yangu," alisema Bawaba, akitazama viatu vyake. "Milango inapumulia simu yangu. Ulininyima nenosiri."

Shemeji akampokonya simu, akampa mgongo, akaandika kwa ukucha mmoja mrefu. Kisanduku kikakataa. Akarudia, kikakataa. Ukucha uligusa herufi mbili kwa pamoja, na miwani alikuwa ameiacha nyumbani. Mhubiri, sasa na suti, alikuwa anachungulia, mguu mmoja ameuweka kwenye mlango usije ukamfungia.

"Nitajie tu, shemeji."

Shemeji akatazama dari. "Andika. Herufi ndogo tupu. Shemeji."

Akaandika. "Halafu?"

"Mzigo."

Kidole kikasita. Mpokezi akazama tena chini ya kaunta.

"Limekwisha?"

"Bado."

"Endelea."

"Sana."

Bawaba akaandika sana. Taa ikapepesa, ikatulia, kijani. Akazima intaneti ya simu yake, akatoka mpaka ng'ambo ya barabara, akasimama huko peke yake. Nyuma yake milango ilifunguka na kufungwa bila kumhitaji. Akakumbuka kwamba simu ya mkewe, kila walipokuja hapa kusalimia, ilikuwa inajiunga yenyewe kabla hata hawajaketi. Familia nzima ilikuwa inapita juu yake kuingia kwenye intaneti, na yeye akinywa chai kando ya kaunta.

Shemeji akamfuata. "Nililiweka ile wiki ya bomba," alisema, kwa sauti ambayo kwa mtu mwingine ingeitwa ya upole. "Naweza kulibadilisha."

"Ukilibadilisha, naanza upya kuunganisha kila kitu."

"Basi?"

"Liache."

Basi moja likapita, likawapaka vumbi wote wawili bila ubaguzi.

"Zile nyumba mbili," alisema shemeji hatimaye, "utaanza Jumatatu."

"Na mtandao wa kule?"

"Nenosiri ni hilo hilo."

Bawaba akatoa mlio mrefu, wa mlango mkubwa unaokubali, akarudi ndani kuchukua drili yake.