Majani Katika Kioo cha Kanali

Vita ilipoingia Bunia, mwalimu Alphonse alifundisha biolojia mbele ya madawati matupu kwa siku mbili, kisha madawati nayo yakaenda kuwa kuni. Nyumba yake, mtaani Mudzipela, iliungua. Mkewe Emerance na watoto walikimbilia Komanda kwa miguu, yeye akakwama mjini, maana bila karatasi yenye mhuri wa Kanali hakuna aliyevuka barrière, kizuizi cha askari barabarani, akiwa mzima.

Kanali huyo cheo alijipa mwenyewe, na hakujinyima. Alihamia nyumba ya mnunuzi wa dhahabu aliyetoroka, na sebuleni akarithi sanduku kubwa la kioo lenye maji ya chumvi, mawe ya baharini na samaki wawili wa rangi ya chungwa, walioletwa kwa ndege kutoka Mombasa. Mji mzima ulikaa gizani. Samaki walikuwa na groupe yao, jenereta ya kuwapa umeme. Aliyebarikiwa kabarikiwa.

Shida ilikuwa majani. Yaliota juu ya mawe kama nywele za kijani, yakatambaa kiooni hata samaki wasionekane. Mtunzaji wa kwanza, Jérôme, alishindwa, naye Kanali akamtupa juu ya lori lake kama gunia na kumfukuza mjini. Alphonse aliposikia alicheka, kisha akaenda kuomba kazi hiyo. Kanali akamwahidi: siku wageni wake wakubwa watakapokuja, kioo kikiwa safi, karatasi ya njia atapata.

Siku ya kwanza Alphonse alikaa tu akitazama. Taa ya samaki iliwaka usiku na mchana, ili wapita njia wajue nani ana umeme. Na kila ofisa aliyeingia alidondosha tonge la bugali majini, kwa kuwa si adabu kumkuta mtu wa nyumba na kumwacha mikono mitupu. Samaki walionja kidogo. Majani yalikula mabaki yote, yakanenepa kuliko mtu yeyote wa mtaa wa Shari.

Basi mwalimu akaanza. Alikwangua kioo kwa kadi yake ya ualimu, ambayo hatimaye ilipata matumizi. Mawe aliyasugua kwa mswaki. Kila juma alitoa ndoo mbili za maji machafu, akarudisha maji ya mvua yaliyotiwa chumvi ya bahari aliyoiacha mwenye nyumba, si ile ya jikoni. Taa akaiwasha saa chache tu. Kuhusu bugali, aliwaambia maofisa kwamba samaki wako kwenye Carême. Watu wale, ambao hawakuwahi kumhurumia padri wala mama mzazi, waliiheshimu sana saumu ya samaki.

Juma la tano kioo kiling'aa. Wageni wakaja, wakashangaa, wakapiga picha. Walipoondoka, Alphonse akasogea na karatasi yake ya njia ili igongwe mhuri, tayari anaisikia sauti ya mtoto wake mdogo.

Kanali akamshika bega kwa upendo. "Mwalimu, mutu wa kazi kama weye, nani anaweza kumuachilia? Utabakia na siye mupaka vita iishe."

Alphonse akasema asante, kwa sababu bunduki zilikuwa chumbani. Lakini roho ilimuuma.

Jikoni, Kanyere mpishi alimpakulia sahani ya bugali na kumfariji. Ashukuru Mungu, akamwambia, hakufukuzwa kwa aibu kama Jérôme, ambaye lile lori lilimmwaga Komanda, na sasa, masikini, anauza petroli huko, jirani kabisa na mama Emerance.

Alphonse aliacha kutafuna. Alibeba sahani yake mpaka sebuleni, akawasha taa, akamega tonge la kwanza, kubwa.

"Carême imeisha," akawaambia samaki. "Mukule."